Kalasinga wa Kisumu, hapa Woolwich

Huku Woolwich, kusini-mashariki mwa London, tupo, tunahangaika na baridi.

Mimi nafundisha historia. Ukipita sokoni Beresford Square utawaona wazazi wa wanafunzi wangu: Wanaijeria, Wasomali, Wanepali, Wapunjabi. Muhula huu mada ilikuwa wahamiaji kutoka bara Hindi. Kitabu kinaeleza kwa kifupi: walitoka India na Pakistan, wakaja Uingereza, wakaingia viwandani. Basi. Nikawaambia watoto wakawaulize wazee wao.

Kijana mmoja akarudi na habari kwamba bibi yake hajawahi kuishi India hata siku moja. Wenzake wakacheka. Basi tukamwalika bibi mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi kalasinga wa Kisumu." Watoto wakabaki midomo wazi.

Ndugu msomaji, wewe unaijua reli ile. Kati ya 1896 na 1901 vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi ziwani, na kama 2,500 walifia kazini. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na mafundi wengine wakafuata. Masingasinga wa Ramgarhia, ukoo wa maseremala na wahunzi, wana hekalu lao hapa hapa Woolwich, mtaa wa Masons Hill.

Kisha msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ni watu wenu waliowafukuza?"

Swali zito hilo. Nikawaambia ndiyo, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972, na Nyerere akamlaani waziwazi kwamba huo ni ubaguzi. Kenya, sheria za 1967 ziliwabana wasio raia kwenye ajira na leseni za biashara. Lakini mkoloni ndiye aliyepanga ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mzee wetu aliyedharauliwa dukani alikuwa na uchungu wa kweli. Nikawaeleza pia habari za Makhan Singh, kalasinga aliyedai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani mwaka 1950, akawekwa kizuizini miaka 11. Na Uingereza nayo? Mwaka 1968 Bunge lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwafungia mlango watu wenye pasipoti zake yenyewe.

Bibi akadakia: "Sisi tulipanda ndege Februari. Baba aliona mlango unafungwa, akawahi."

Mjukuu akamuuliza, sasa kwetu ni wapi? Akasema swali hilo aliulizwa Kisumu, akaulizwa na Woolwich, na kote kuwili muulizaji hakutaka jibu, alitaka yeye aondoke.

Darasa zima kimya. Nikawafikiria wanangu waliozaliwa hapa, ambao nao huulizwa hivyo hivyo kwenye basi.

Kabla hajaondoka tuliandika ubaoni maneno. Sisi tumechukua duka, gari, chapati, laki. Wao wamechukua sufuria, fagio, na muhogo, ambao migahawa yao hapa London huuita "mogo". Kitabuni hakuna hata moja kati ya haya. Muhula ujao nitaanza na orodha hiyo, ndipo tufungue kitabu.

Nanyi mlio Kisumu, Tanga, Moshi: majirani wenu Wahindi mnawakumbuka vipi? Waulizeni wazee mapema.

Kwaherini kwa leo.