Friji, Mtungi na Nyumba ya Lokiriama



Jamaa yangu mmoja aliposikia kwamba tunahamia Lokiriama, aliniuliza mahali hapo pako upande gani wa Malindi. Simlaumu. Mimi mwenyewe nililisikia jina hilo kwa mara ya kwanza siku mume wangu aliporudi nyumbani na barua ya kazi mkononi. Yeye ni mwalimu, na mwalimu huenda anakopelekwa. Lokiriama ni kituo kidogo katika eneo la Loima, magharibi ya mji wa Lodwar, kaunti ya Turkana. Ukitoka Lodwar unapita Lorugum, unaacha milima ya Loima, na ukizidi kwenda mbele unavuka mpaka na kupanda hadi Moroto, nchini Uganda.

Lililotutia hofu halikuwa umbali. Binti yetu ana umri wa miaka kumi na mmoja, na tangu alipokuwa na saba ana kisukari cha kudungwa insulini kila siku. Dawa hiyo haipendi joto. Vichupa vya akiba, ambavyo havijafunguliwa, vinatakiwa kukaa penye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Na visigande, kwa kuwa insulini iliyoganda imekwisha kazi. Jamaa walikaa kitako wakashauriana, wakakata shauri kwamba mtoto abaki Kisauni kwa nyanyake. Nami nikaomba muhula mmoja: twende kwanza sisi wawili, tuitengeneze nyumba. Ikiwa nyumba itaweza kuitunza dawa, mtoto atakuja. Ikiwa haiwezi, nitarudi mimi.

Basi nilipoketi kuandika orodha ya vyombo vya nyumba mpya, ningalipaswa kuanza na hilo. Sikuanza nalo. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya vyumba viwili, paa la bati lisilo na dari, sakafu ya saruji iliyopasuka, na waya za umeme hazikuifikia. Hata hivyo orodha yangu ilikuwa ya nyumba ya Mombasa: makochi, zulia, kabati la vioo, jiko la gesi lenye oveni, feni mbili, mapazia mazito, na friji kubwa yenye milango miwili. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nikiupamba mlango.

Safari ya kutoka Mombasa ni ya kuvuka nchi nzima. Kutoka Kitale pekee hadi Lodwar ni kiasi cha kilomita 300, na kadiri unavyoteremka ndivyo ubichi unavyopungua, hata ukabaki mchanga, mawe, migunga na mathenge. Lodwar ni mji wa kando ya mto Turkwel. Wakubwa zetu wanaukumbuka kwa kuwa Mzee Jomo Kenyatta, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, aliwekwa hapo kizuizini kuanzia mwaka 1959 hadi 1961. Leo ni makao makuu ya kaunti, na maduka yake yana karibu kila kitu. Mchana joto hupita nyuzi 35, na upepo unaovuma ni kama unaotoka tanurini.

Katika duka moja, ambalo sitalitaja jina, tulionyeshwa friji ya milango miwili, na makochi ya rangi ya zabibu yaliyonitoa roho. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. Alisema tunaweza kuchukua vyote siku hiyo hiyo na kulipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minane. Mume wangu aliomba karatasi, akajumlisha malipo ya miezi yote, akaniwekea mbele yangu hesabu hiyo pamoja na bei ya taslimu. Tofauti yake ilikuwa riba, wala haikujificha. Hakusema neno. Nami nikaaga makochi. Tulinunua kwa taslimu friji ndogo ya kawaida, paneli za sola, betri na kigeuzi cha umeme, tukapakia katika lori lililokuwa likipeleka unga Lokiriama.

Friji hiyo ilinguruma usiku na mchana kama mtu mwenye homa. Tulikuwa tumeweka kipimajoto ndani yake. Siku ya kwanza kilionyesha nyuzi 14. Siku ya nne, 15. Betri zilikuwa zikiisha kabla ya alfajiri. Nilikaa sakafuni mbele ya friji tupu na kulia, si kwa ajili ya pesa, bali kwa kuwa nilimwona binti yangu Kisauni akikua bila mimi.

Fundi aliyepita njiani kwenda Lodwar ndiye aliyeigeuza friji na kunionyesha jambo ambalo kila mama anayenunua friji angefaa kulijua. Nyuma au ubavuni mwa friji pana kibandiko, na ndani ya maandishi yake madogo mna herufi ya daraja la hali ya hewa. Friji ya daraja N imeundwa kwa chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 32. Ya daraja ST huvumilia hadi 38. Ya daraja T, yaani ya nchi za joto, huvumilia hadi 43. Yetu ilikuwa N. Chumba chetu, chini ya lile bati, kilikuwa kinafika 39. Muuzaji hakutudanganya kwa neno lolote. Hatukumuuliza, naye hakutuambia. Juu ya hayo, sola hutoa umeme wa aina moja na friji ile ilitaka aina nyingine, kwa hiyo kigeuzi kilikuwa kikila sehemu ya umeme wetu kabla haujafika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tuliiuza friji kwa hasara kwa mwenye hoteli wa Lodwar aliyekuwa na chumba chenye kivuli kizuri, tukaambiwa twende Kakuma.

Kakuma iko kiasi cha kilomita 120 kaskazini magharibi ya Lodwar. Wengi wetu tunaijua kwa jina la kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Baadaye wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu jirani yake. Nilitarajia kuona mahema. Nilichokiona ni soko. Shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia lilichapisha uchunguzi mwaka 2018 uliohesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na mzunguko wa fedha wa dola milioni 56 kwa mwaka. Wasomali wanauza mapazia, mazulia, udi na vyombo vya chai. Waethiopia wana maghala na mikahawa. Na kwa kuwa watu wengi hawakupata kuunganishiwa umeme, mafundi wake wa sola wamejifunza kwa shida, si kwa vitabu.

Fundi wetu alikuwa Mkongo wa Kivu. Kiswahili chake kilinifurahisha masikio. “Mama, hii friji utaiweka fasi gani?” aliniuliza kabla hajataja bei. Nikamweleza chumba. Akatikisa kichwa. Alitaka kujua bati liko wapi, jua la alasiri linapiga ukuta upi, friji itaachiwa nafasi gani nyuma yake ili ipumue. Ndipo akatuonyesha friji ndogo iliyotumika, ya daraja T, inayokula umeme wa betri moja kwa moja bila kigeuzi, na mlango wake uko juu kama wa sanduku. Alieleza kwa nini: hewa baridi ni nzito, ukifungua mlango wa mbele inamwagika sakafuni, ukifungua wa juu inabaki ndani. Kwa kuwa Turkana iko karibu na ikweta, akatuonya tusiinamishe paneli sana, ila kidogo tu ili vumbi lisilale juu yake, nasi tuipanguse kila asubuhi. Betri nazo zisikae juani.

Alikuwa na ndugu seremala, naye akatutengenezea vitanda viwili. Dirham za mwisho, kama wasemavyo wazee wetu, zikaishia kwa mama wa Kisomali aliyenipimia kitambaa chepesi cha mapazia na kunizidishia yadi moja aliposikia habari za mtoto.

Tuliporudi, kazi ilikuwa kuifanya nyumba yenyewe iwe na ubaridi. Hapo waalimu wangu walikuwa majirani wa Kiturkana. Katika desturi yao nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye hukata fito, huzipinda na kuziezeka, naye ndiye mwenyewe. Kuna akai, kibanda cha kulala, na kuna ekol, kibanda cha kivuli cha kushinda mchana. Jirani mmoja, mama wa makamo, aliingia kwetu, akatazama kuta, akauliza nani aliyeijenga. Nikajibu, serikali. Akacheka, akasema basi hiyo bado si yangu.

Nilimweleza kwamba hata kwetu Pwani jambo hilo halikuwa geni. Katika nyumba za mawe za Lamu, baba mwenye uwezo alikuwa akimpa binti yake nyumba anapoolewa, au akimwongezea ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Wale waliochonga vidaka katika kuta za ndani walikuwa wakimpambia mwanamke nyumba yake. Jirani yangu alisikiliza kwa makini, kisha akasema watu hao walikuwa na akili.

Kesho yake walikuja watatu na mafungu ya makuti ya mkoma. Mkoma ni ule ule ambao miyaa yake twasukia vikapu Pwani, na mikono yangu iliyajua makuti hayo kabla hawajanielekeza. Tulitandaza mikeka ya mkoma chini ya bati ikawa dari. Tukajenga ekol upande wa magharibi, ikakinga ukuta na jua la alasiri. Katika chumba cha friji joto likashuka hadi 33, na kipimajoto ndani yake kikasimama kwenye 5.

Tukiwa tunafanya kazi hiyo, bibi mkongwe aliyekaa akitutazama alitusimulia kwamba zamani hakuna aliyeipamba nyumba mahali hapa, kwa kuwa uvamizi wa mifugo ulikuwa ukija wakati wowote, na nyumba ilijengwa ili iachwe. Tarehe 19 Septemba 1973, wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko wa upande wa Uganda walikutana hapa Lokiriama, wakapatana, wakafukia silaha ardhini. Kila mwezi wa Septemba watu wa pande mbili hukusanyika kukumbuka siku hiyo. Haijawa amani isiyo na nyufa, kwa kuwa bunduki ziliongezeka baadaye na mipaka ni mirefu. Lakini kwa neno lile la wazee, mwanamke wa Lokiriama aliweza kujenga kwa nia ya kukaa. Nikaikumbuka orodha yangu ya Mombasa. Amani haikuwamo, wala majirani.

Limebaki la mtungi. Nyanyake mtoto ndiye aliyetung'ang'aniza tubebe mtungi wa udongo, tukauzungushia leso mbili na kuupakata basini. Pwani hewa ina unyevu, na mtungi hupoza maji kiasi. Turkana hewa ni kavu. Maji yanayotoka katika vinyweleo vya udongo hukauka upesi na kuchukua joto pamoja nayo, hata maji ya mtungini yakawa ya kutia ganzi meno. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alijulikana duniani kwa kutumia nguvu hiyo hiyo: chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, na mboga zikahifadhika. Sisi tuliutengeneza wa namna hiyo kwa ajili ya kichupa kimoja kinachotumika, kikiwa ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, iwapo friji itazimika.

Daktari wa binti yetu alitupa moyo kwa habari nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofuata joto halisi la nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Waliona kwamba insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Hilo halimaanishi kila mtu atupe friji yake. Alitusisitizia tufuate maagizo yake yeye, tuandike tarehe ya kufungua kila kichupa, tupime sukari bila kukosa, na nusu ya akiba ikae Lodwar kwa jamaa wa msikitini mwenye duka la dawa. Mwenye mgonjwa kama wetu na amuulize daktari wake mwenyewe.

Binti yetu alikuja likizo ya Desemba. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua friji na kutazama kipimajoto. La pili, kunywa maji ya mtungi kwa kata ya nyanyake. Usiku ule alikataa kitanda cha seremala, akatandika mkeka katika ekol na mabinti wa jirani. Niliamka mara tatu kumpima. Vipimo vilikuwa kama vya Kisauni. Januari hakurudi, alianza shule hapa, alhamdulillahi.

Juzi nyanyake alipiga simu. Baada ya salamu na kuulizia sukari, aliuliza kama tumekwisha nunua makochi. Nikamwambia bado, mama, wageni wetu huketi kwenye ekol.