Mbwa wa Kukaa Naye

Ukiniuliza nafuga nini, nitakwambia nafuga daftari. Lina kurasa kadhaa za maswali kuhusu mbwa ambaye bado sina. Anaitwa Cocker Spaniel: yule mfupi, masikio marefu ya kuning'inia, macho ya mtu aliyenyimwa chapati. Umemwona Instagram, amelala kwenye kochi jeupe. Mimi naishi Machakos mjini, kwenye plot ya keja nane, na maji yetu huja siku mbili kwa wiki.

Nilipomwambia mama, aliye Kathiani, aliuliza swali moja tu: "Na atalinda nini?"

Swali zuri. Kwetu Ukambani mbwa, ngiti, ana kazi. Hulala nje, hubweka usiku, hula kilichobaki kwa sufuria. Na haishi sana. Utafiti mmoja kuhusu mbwa wa iliyokuwa Wilaya ya Machakos, uliochapishwa 2001, ulikadiria kwamba dume huishi wastani wa miaka 3.5 na jike 2.4. Spanieli akitunzwa vizuri hufika 12 au zaidi. Mimi nina miaka 27. Nikimchukua leo, nitamzika nikikaribia 40. Hapo utani uliisha, nikaanza kuandika maswali.

Kumbe spanieli naye ni mbwa wa kazi. Huko Uingereza alizalishwa kwa ajili ya uwindaji: aingie vichakani, anuse, awafurushe ndege ili mwindaji awapige. Hata neno cocker linatokana na woodcock, ndege aliyekuwa akimwinda. Kazi yenyewe ilimtaka asiende mbali na mwenye bunduki. Kwa hivyo amerithi vitu viwili: pua isiyojua likizo, na hamu ya kuwa karibu na mtu. Mfungie peke yake kutwa nzima na atajitafutia kazi. Atatafuna viatu. Atabweka mpaka caretaker akupigie simu.

Lakini kusoma kuna mwisho wake. Rafiki yangu alinijulisha kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeishi Mua Hills na spanieli wawili. Tangu Januari nimekuwa nikipanda huko kila Jumamosi. Siku ya kwanza nilidhani tutacheza. Mwalimu akanipa kitana.

"Kaa chini, mwanangu. Tunaanza na masikio."

Sikio la spanieli ni zito na limefunika tundu lake, hewa haipiti vizuri. Ndani hubaki joto na unyevu, mahali ambapo bakteria na kuvu hustawi. Kwa hivyo unalifunua, unalinusa, unalipangusa kwa pamba na dawa aliyotoa vet. Hapana kuchokoachokoa na kijiti. Likinuka kama chachu, ni safari ya daktari. Kisha manyoya. Mvua ikishanyesha, kishona nguo hujaa njiani, na kila mbegu hupata pa kushika: kwapani, katikati ya vidole, chini ya masikio. Usisahau kupe. Mbwa mmoja alinichukua saa moja na nusu, mgongo ukilia. Mwalimu ana tangi la maji ya mvua. Mimi nina mitungi minne.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kuuliza habari za wazazi wa mbwa. Katika ukoo huu kuna ugonjwa wa kurithi unaoharibu retina polepole mpaka upofu, na mwingine wa figo unaoweza kumuua mbwa kabla hajafika miaka miwili. Mzazi anaweza kubeba kasoro hiyo huku mwenyewe ni mzima kabisa. Mtoto huugua akiipata kwa baba na kwa mama. Vipimo vya DNA vipo. Cheti cha ukoo, kama kile cha East Africa Kennel Club, ni jambo moja. Majibu ya vipimo ni jingine.

Nikampigia muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikauliza. Akacheka. "Madam, unatafuta mbwa ama bibi arusi?" Kisha akaniambia watoto wana wiki tano, nitume deposit leo wasiishe. Mtoto wa mbwa hatakiwi kuachana na mamake kabla ya wiki nane. Nilimshukuru, nikakata simu.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea nyumbani. Nilienda Kathiani kumwona mama, na Simba, mbwa wake, akaja kunilaki. Mkono wangu ulienda kwenye sikio lake wenyewe. Nilitoa kupe kumi na moja. Mama alisimama mlangoni na mwiko, akatazama. "Kumbe hata huyu ana masikio," akasema.

Wiki iliyofuata tulimpeleka Simba akachanjwe. Kenya ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza kichaa cha mbwa, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Ile miaka 3.5 sasa naisoma tofauti. Nilikuwa naiona kama umri wa mbwa wa kienyeji, kana kwamba umeandikwa kwenye damu. Mingi ya hiyo ni hesabu ya chanjo, chakula, barabara, na kama kuna mtu aliyewahi kuinua sikio.

Swali lililobaki ni la saa. Siku tatu kwa wiki nafanya kazi Nairobi. Natoka saa kumi na moja alfajiri, na jam ya Mombasa Road ikiamua, narudi saa mbili usiku. Saa kumi na tano. Chakula naweza kununua, daktari naweza kuweka akiba. Saa hizo sijui nitazitoa wapi. Nimeomba kazini wanipe siku mbili zaidi za kufanyia kazi nyumbani. Bado wanafikiria.

Kwa sasa ni Jumamosi za Mua. Mmoja wa wale wawili ametimiza miaka kumi na tatu. Macho yana ukungu, na ngazi za veranda zimemshinda. Mwalimu anasema watu wote hutaka kumjua mbwa akiwa mtoto. Wiki iliyopita alinionyesha namna ya kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, mgongo usipinde. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Alipumua shingoni mwangu mpaka tukafika chini.