Mstari Nyuma ya Hakimu

Kabla ya 1986, sisi tunaopakana na kambi ya wakimbizi ya Oruchinga, Uganda, tulimjua hakimu kwa kumsikia tu. Alikuwa Mbarara, ameteuliwa huko juu, kesi ikiendeshwa kwa Kiingereza, na nauli ya kumfikia ilishinda deni lenyewe. Ng'ambo ya barabara, wakimbizi wa Rwanda walikuwa na mkuu wa kambi aliyewekwa na serikali. Hakuna aliyetuuliza, wao wala sisi.

Chama cha NRM kilipoingia madarakani mwaka huo, tuliambiwa tujichagulie kamati ya watu 9, iliyoitwa RC (Resistance Committee), na sheria ya 1988 ikaipa uwezo wa kukata kesi ndogondogo: madeni, mashamba ya kimila, mifugo iliyokula mazao. Karatasi za kura hazikuwapo. Mgombea anasimama, mnajipanga nyuma ya mgongo wake, mnahesabiwa kwa sauti. Namkumbuka mama mmoja aliyekaza leso yake kiunoni, akatoka kwenye mstari wa mumewe, akahamia wa mpinzani. Mume aliinamisha uso. Hesabu ikaendelea.

Haukupita muda, bwana mmoja wa mstari ulioshindwa akashtakiwa kwamba ng'ombe wake wamemaliza maharage ya jirani, na jirani mwenyewe ni mtu wa mwenyekiti wa kamati tuliyemchagua. Tulidhani kesi imekwisha kabla ya kuanza. Mwenyekiti akatupeleka shambani, akachuchumaa, akapima nyayo kwa kiganja. Kwato za ndama. Mshtakiwa hakuwa na ndama hata mmoja, akaachiwa. Jioni ile, pombe ya ndizi ikizunguka, wengine walisema mzee katenda haki, wengine wakasema anatafuta kura za upande wa pili. Mimi nilimwamini, maana nyayo niliziona. Lakini hakimu wa kuchaguliwa hata akikata sawasawa, watu humtafutia kura ndani ya hukumu.

Baadaye RC ikaitwa LC (Local Council). Baada ya uchaguzi wa 2001, vijiji havikupanga mstari tena hadi Julai 10, 2018. Jaji wa Mahakama Kuu, anayeteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama na kuidhinishwa na Bunge, angalau hustaafu akifika miaka 65. Wa kwetu, tuliyemchagua wenyewe, alizeekea kitini. Na kule kambini, Oruchinga na hata Nakivale, wakimbizi walikuwa wakichagua kamati zao za kusuluhisha ugomvi, huku sisi wenye nchi tukingoja kuitwa.