Usitupe Ile Pad ya Zamani

Wasee, kabla mniambie teknolojia iko Nairobi pekee, sikieni hii.

Likizo nilienda kwa susu, Wote. Chini ya kitanda nikapata ile TV game tuliyochezea tukiwa wadogo. Mashine ilishakufa, lakini pad mbili zilikuwa sawa. Nikazibeba hadi kwetu Kitui nizifunge kwa Arduino.

Pad ya kwanza nilifuata rangi za nyaya vile nilikuwa nimeona kwa video. Nikaunganisha umeme vibaya, ikaungua. Niliumia, maana marehemu babu aliuza maembe ndiyo atununulie hiyo game.

Ya pili nikaifungua, nikapima kila waya kwa mita. Ziko tano tu: mbili za umeme, tatu za mawasiliano. Arduino ikituma ishara ya kwanza, chipu ya pad inashika hali ya vitufe vyote 8. Halafu kila mpigo unaleta jibu la kitufe kimoja: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Sifuri maana yake kimebonyezwa. Ni mtindo wa Famicom, ya Nintendo, tangu 1983.

Biti nilizokariri darasani, siku hiyo nilizielewa.

Kwa maoni yangu, tusingoje laptop mpya ndiyo tuanze kujifunza. Angalia kwanza chini ya kitanda kwenu. Ila rangi ya waya usiiamini. Pima. Vitu vingine mwenye kuvinunua hayuko tena.