Dozi Tano za Nyumbani

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza uuguzi Handeni enzi za SP, dawa ya malaria iliyoshika nafasi ya klorokwini nchini Tanzania mwaka 2001. Usimamizi wake ulikuwa mwepesi: mtoto alimeza mara moja tu, pale pale dirishani, muuguzi akiona kwa macho yake.

Mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007 ikaja dawa mseto. Iliponya vizuri zaidi, ila ilikuwa na dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza mtoto aliimeza zahanati, tano zikaenda nyumbani. Hapo kazi ya muuguzi huyu ikageuka. Mtoa dawa sasa alikuwa mama, au bibi, na pengine dada mtu aliyeachiwa mdogo wake wakubwa wakiwa shambani.

Kila kitu kilianzia kwenye mizani. Pakiti ya njano, yenye vidonge sita, ni ya mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge kimoja kila dozi. Akifika kilo 15 anapewa viwili. Muuguzi hakukubali kukisia kwa umri, maana ukame ukiipiga Handeni na mahindi yakakosekana, watoto wa rika moja hawalingani uzito.

Halafu muda. Dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa saa nane, zinazobaki ni asubuhi na jioni. Nyumba nyingi hazikuwa na saa ya ukutani. Aliyemeza saa 4 asubuhi, mama yake aliambiwa: “Adhana ya magharibi ikiadhiniwa, mpe. Kwanza anyonye au anywe uji wenye maziwa.” Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta kidogo.

Baadaye alihamia Korogwe. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo cha utafiti mjini hapo, na watoto wa Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009. Lakini kilichomnyima usingizi kilikuwa kijiko cha jikoni kilichotumika kupimia dawa. Dawa ya maji ya paracetamol huwa na miligramu 120 katika mililita 5, na hizo mililita 5 zinamtosha mtoto wa kilo 10. Kijiko cha kulia wali hubeba kama mara tatu yake. Kikirudiwa mara nne kwa siku, ini la mtoto liko hatarini.

“Shikamoo, bibi. Hebu nionyeshe utakavyompa usiku.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi?”

Bibi alivuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, akapitiliza mstari, akarudisha kidogo kidogo mpaka ikakaa sawa kwenye 5. Muuguzi akaukoleza mstari huo kwa kalamu ya wino mzito, uonekane hata kwa mwanga wa kibatari. Foleni ilinung’unika. Aliiacha inung’unike, kuambiwa na kufanya kwa mkono wako ni vitu viwili.

Jambo la mwisho lilikuwa kutapika. Mtoto akitapika dawa mseto ndani ya nusu saa, dozi hiyo inarudiwa, na pakiti inapungukiwa kidonge. Wengi walinyamaza na kuishia dozi tano, wakiona haya kuomba tena. Kwa hiyo aliwaambia mapema, kabla hawajatoka: rudini, kidonge cha kufidia kipo.