Sola ya Kulipia Kila Siku: Ni Biashara au Ni Riba?



Ndugu yangu katika imani, kuna swali naulizwa karibu kila baada ya darsa, na wengi wanaouliza ni akina mama: "Ustadh, hii sola ninayoilipia kila siku kwa simu, si riba hii?"

Tuanze kwa kulielewa jambo lenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Miaka michache baadaye wakaja wafanyabiashara kama M-KOPA, wakaona kwamba mtu wa kijijini hawezi kutoa bei ya sola kwa mkupuo, lakini pesa ya mafuta ya taa anaitafuta kila siku. Basi unatanguliza kiasi, unapewa paneli, betri na taa, halafu unalipa kidogo kidogo kwa simu. Usipolipa, mtambo unazimwa ukiwa huko huko kwako. Ukimaliza deni, ni mali yako. Pesa iliyokuwa ikiungua kwenye kibatari, na kuwaachia watoto moshi vifuani, inageuka kuwa mali ya nyumba. Wenye mikutano mikubwa wanaita maendeleo endelevu. Sisi tunajua kulinda nafsi na kulinda mali ni katika makusudio ya sharia.

Sasa hukumu. Kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, jamhuri ya wanazuoni wameruhusu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu pia, ila bei iwe moja, mkubaliane kabla ya kuachana, na mnunuzi akichelewa isiongezwe kitu. Kwa hiyo usiniulize kampuni gani ni halali. Uliza mkataba: nikikaa wiki mbili sijalipa, deni langu linabaki lile lile? Likibaki, umekaa gizani tu, riba hukuigusa. Baraza hilo hilo limemruhusu muuzaji kuweka sharti kitu alichouza kiwe rehani mpaka alipwe. Lakini deni likiongezeka, hata wakiita faini, usibonyeze kukubali.

Mkopo wa fedha ni jambo jingine kabisa. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mwezi, na ikaitwa ada. Unachukua 1,000 unarudisha 1,075. Unachukua 10,000 unarudisha 10,750. Ada ya kazi gani hiyo, inayopanda kwa kadiri ya fedha uliyokopa? Simu haichoki zaidi kwa kutuma 10,000. (Ulevi ukiuita sharubati, bado ni ulevi.)

Wapo watakaosema, basi simu yote tuachane nayo. Hapana! Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha makadirio yao: M-Pesa ilizitoa kaya zipatazo 194,000 za Kenya katika ufukara, na wanawake wapatao 185,000 wakahama kilimo cha kujikimu wakaingia katika biashara. Angalia walichokuwa wakipima: watu kutumiana pesa na kuweka akiba, si kukopeshwa kwa nyongeza. Mtu akiuguliwa, nduguye aliye mbali anamtumia siku ile ile, wala hauzi mbuzi wake kwa bei ya kutupa.

Basi dada yangu unayelipia sola, lipia. Ila aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, nasi tunabonyeza "nakubali" bila kusoma mstari mmoja! Na ujue, ukishalipa vizuri baadhi ya makampuni yatakuletea ujumbe wa mkopo wa fedha taslimu, dhamana ikiwa mtambo wako. Huo ni mkataba mpya, na jibu la sola halihusiki nao.

Mwenye mkataba asioufahamu lugha yake, aupige picha, afiche jina na namba yake, anitumie tuusome pamoja.

Wallahu a'lam.