Chakula cha Injini

Msomaji mpenzi, sikiliza kisa cha pupa yangu. Nilikuwa na motokaa yenye tabo, mashine ndogo izungushwayo na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Joto likizidi, petroli hulipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na injini hugonga kama nyundo juu ya fuawe.

Petroli ya mashindano, ambayo oktani yake hupita 100, hustahimili joto hilo kuliko ile ya vituoni. Usidhani kuwa ina nguvu zaidi. Fadhila yake ni uvumilivu tu. Nguvu huja fundi anapoongeza shinikizo la tabo na kuiwahisha cheche ya plagi. Fundi wangu alifanya hivyo, akanionya nisitie petroli ya kawaida kabla hajarudisha vipimo vya zamani.

Usiku mmoja mama aliugua. Tangi lilikuwa tupu. Nikatia petroli ya kituoni, nikakanyaga mafuta kwa hofu. Mlimani injini iligonga, kisha ikanyamaza: pistoni ilikuwa imetoboka. Tulikaa gizani hata lori likatuokota alfajiri. Mama alipona, kwa rehema za Mungu, si kwa busara yangu.

Pistoni ile iko juu ya meza yangu darasani. Wanafunzi wakiniuliza, huwajibu: kitu kilichotengenezwa kwa siku ya fahari, kipime kwanza kwa siku ya shida. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.